Mawimbi Hayajui Hema
Pasaka niliegesha gari ufukweni Kigamboni, nikalala humo na kutuma taarifa redioni kwa rauta ya mfukoni. Asubuhi, bando kwisha! Niliiacha bila neno la siri, na mawimbi hayajui dirisha la gari wala hema. Jirani yeyote huingia.

Bando si kitu. Kwenye mtandao ulio wazi, mwenye nia mbaya aweza kuchungulia yapitayo, na simu zetu leo ndizo benki. Weka neno la siri refu. Rauta ikae dirishani, maana bati huzuia mawimbi. Beba laini ya kampuni ya pili.

Hata hivyo, laini mbili si kinga ya yote. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, kampuni mbalimbali ziliyumba pamoja. Basi, fedha taslimu kidogo zisikose mfukoni.