KITI CHA MOTERI NYUMA YA BOTI: NGUVU YAKE INATOKA WAPI?



Wengi kati yetu wanafika ku shule kwa boti, kutoka vijiji vya kando ya ziwa Tanganyika. Tunaketi juu ya mizigo, moteri inalia nyuma, na hakuna mtu anauliza: ile moteri inashikwa na nini? Tuelezane jambo hili, kwa sababu maisha ya watu yako pale ndani.

Ku boti ya mbao, mara nyingi wanakata ubao wa nyuma na kuushusha ili moteri ifike mu maji. Lakini pale palipokatwa, mawimbi ya nyuma yanaingia. Dawa yake njo kiti cha moteri: sanduku dogo linafungwa nyuma ya ubao, ubao unabaki mrefu, na moteri inakaa ku sanduku. Kiti kinaweza kuwa cha chuma, lakini chuma kinaomba kusudeya, tena kinakula kutu. Kwa tripleksi, nyuzi za kioo na rezini, fundi anaweza kukitengeneza kijijini bila umeme.

Sasa fizike. Moteri ya farasi 40 iko na uzito wa karibu kilo 70. Tuseme inakaa sentimita 50 nyuma ya ubao, na buloni za juu ziko sentimita 35 juu ya zile za chini. Piga hesabu ya wenzo, ile tunaita levye darasani: 70 mara 50, gawanya kwa 35, ni 100. Buloni za juu zinavutwa kwa kilo 100 wakati boti imesimama tu! Mu mawimbi inazidi sana. Tena helisi iko chini, inasukuma mbele. Kwa hiyo inavuta juu zaidi, sawa mtu anang'oa msumari na nyundo. Fundi akirudisha boti nyuma, buloni za chini nazo zinavutwa. Basi nguvu ya kiti haitoki ku unene wake peke yake. Inatoka pale kinapoungana na boti.

Kazi inafanyika hivi:

1. Kupima. Moteri ya mguu mfupi inaomba urefu wa sentimita 38, mguu mrefu sentimita 51. Kile kibati kilicho juu ya helisi kiwe karibu sawasawa na chini ya boti. Kwa boti ya kukimbia, kila sentimita 30 kiti kinapoenda nyuma, moteri inapandishwa karibu sentimita 2 na nusu, kwa maana maji yanapanda kidogo yakitoka chini ya boti.

2. Sanduku. Pale moteri inabana, gundisha tripleksi mbili za milimita 18. Viringisha pembe zote. Nyuzi za kioo hazikubali pembe kali, zinaacha hewa chini yake. Pembe za ndani uzijaze rezini iliyochanganywa na unga wa mbao.

3. Rezini. Mbao iwe kavu kabisa. Kwa gramu 100 za rezini ya poliesteri, weka gramu 1 mpaka 2 za dawa ya kukausha. Siku ya jua kali, gramu 1. Nyuzi za gramu 450 kwa metre moja ya mraba zinaomba karibu kilo 1 ya rezini. Tabaka moja ikikauka ni karibu milimita 1 tu, basi hesabu tabaka zako, na uzidishe ku pembe. Kamua hewa yote kwa burushi.

4. Matundu. Toboa kubwa, jaza rezini, ikauke, kisha toboa tena kipimo cha buloni. Bila hivyo maji yanaingia mu tripleksi na kuiozesha polepole. Tumia buloni zenye kupita mpaka ndani ya boti, na nyuma yake ubao mgumu na rondeli pana. Misumari hapana! Na kama ubao wa boti umeoza, kiti kizuri namna gani hakitasaidia kitu.

5. Kujaribu. Kabla ya moteri, tundika mifuko ya mchanga ya kilo 140, lala, uangalie asubuhi kama kuna ufa.

Angalisho: dawa ya kukausha inaweza kupofusha macho. Vaa miwani na glavu, fanya kazi inje, mbali na moto. Ikiingia mu jicho, osha kwa maji mengi dakika 15 na uende ku hospitali. Usiichanganye hata kidogo na kobalti peke yake: inapasuka. Na usikoroge rezini nyingi mu ndoo moja, inajichoma yenyewe.

Ziwa letu linashuka mpaka karibu metre 1.470. Moteri ikianguka kule, hakuna wa kuitafuta. Lakini kubaya zaidi, boti bila moteri inageuka ubavu, na mawimbi yanaingia.

Kwa hiyo, siku ya kwenda likizo, mbele ya kupanda muangalie vitu vitatu: buloni zimepita mpaka ndani? Kuna ufa ku pembe ya kiti? Kuna mnyororo wa kushika moteri kama ikichomoka? Kama jibu si zuri, mumuulize mwenye boti kwa heshima, hata kama wengine wanacheka.

Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa sita