KABLA YA HERUFI: KUCHORA NA MAANDALIZI YA MKONO WA MTOTO

Muhula uliopita tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, tuliingia katika darasa la chekechea nje kidogo ya Kampala. Mwanafunzi wetu alikuwa ameandika herufi a ubaoni na kuwataka watoto wajaze ukurasa mzima. Mtoto mmoja, wa miaka mitatu na nusu hivi, alikuwa ameikamata penseli kwa ngumi kama anayetwanga. Karatasi ilikuwa imetoboka mahali pawili na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Daftari lake la siku zilizotangulia lilikuwa limejaa alama nyekundu za kosa. Tulipomwuliza mwalimu sababu ya kuanza na zoezi hilo, alijibu kwa unyoofu: “Wazazi wanataka kuona herufi.”

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mtoto yule hakuwa mzembe, na ni kwa vipi mwalimu wa lugha anaweza kuutayarisha mkono wa mtoto kwa njia ya kuchora. Suala hili linatuhusu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hivyo basi, wengi wa wahitimu wetu watajikuta mbele ya watoto wadogo, si mbele ya vijana wa sekondari peke yao.

Mkono hukomaa hatua kwa hatua

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo huwa bado ni gegedu, na mifupa hiyo hukomaa mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho huanza kujitokeza mtoto anapokaribia umri wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Aidha, uwezo wa kuutawala mkono huanzia begani, ukashuka kwenye kiwiko, kisha kifundo, na mwishowe vidoleni. Ndiyo maana mtoto mdogo huchora kwa mkono mzima.

Ushikaji wa kalamu nao hufuata mkondo huo. Kwanza mtoto hushika kwa ngumi. Baadaye hushika kwa vidole vyote huku kiganja kikielekea chini. Kati ya miaka mitatu na nusu na sita, wengi hufikia kushika kwa vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati.

Maumbo pia yana mpangilio wake. Mtoto huweza kunakili mstari wa wima akiwa na takriban miaka miwili, kisha wa mlalo. Duara huja katika mwaka wa tatu hivi, msalaba karibu na wa nne, mraba kati ya wa nne na wa tano, na pembetatu, yenye mistari ya mshazari, baada ya wa tano. Umri huu ni wa kukadiria, kwani watoto hawalingani, lakini mfuatano wenyewe haubadiliki sana.

Kuchorachora si kuharibu karatasi. Mtafiti wa Marekani, Rhoda Kellogg, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu sanaa ya watoto, alibainisha aina 20 za michoro hiyo ya mwanzo. Mwanzo wa ngoma ni lele.

Somo kwa mwalimu wa Kiswahili

Wengi wetu huanza na irabu a, e, i, o, u. Kwa kusoma, utaratibu huo hauna ubaya, kwani silabi za Kiswahili hutegemea irabu. Kwa kuandika ni jambo jingine. Herufi a inamtaka mtoto azungushe mkono, arudi alikoanzia, kisha ashuke bila kuinua kalamu. Hiyo ni kazi ngumu kuliko l, i au t.

Kwa hiyo tunapendekeza mfuatano wa kusoma utenganishwe na ule wa kuandika. Katika kuandika, tuanze na herufi za mistari iliyonyooka (l, i, t), zifuate za duara (o, a, d, g), kisha za upinde (n, m, h, u), na mwisho za mshazari (v, w, z, k, y). Nyingine ziingizwe kwenye kundi linalofanana nazo. Kwa l, i, t, o na a tu, mtoto anaweza kuandika toto, taa, lala na lia.

Mazoezi ya kuchora

1. Mchangani. Mtoto achore kwa kidole uani, halafu kwa kijiti. Mchanga haumhukumu, akikosea, anafuta na kuanza upya.

2. Chaki fupi ubaoni. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, hivyo vidole hulazimika kufanya kazi. Ubao uliosimama nao huimarisha bega na kifundo cha mkono. Vipande tunavyovitupa ndivyo vinavyowafaa.

3. Mvua na matunda. Mchoree wingu, naye ateremshe mvua kwa mistari ya kutoka juu hadi chini. Mchoree mti, naye atundike maembe. Kila embe lianzie juu na kuzungushwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kwani ndivyo o, a, d na g zinavyoandikwa.

4. Njia ya kisimani. Chora mistari miwili kutoka nyumbani hadi kisimani, naye apite katikati bila kugusa kingo. Njia ianze pana, ipungue upana siku hadi siku, kisha ipinde.

5. Watu wa nyumbani. Mwache achore apendavyo, kisha umwulize: “Huyu ni nani? Anafanya nini?” Usimchoree mfano wa kunakili.

Katika mazoezi yote, mwalimu aseme anachokifanya: juu, chini, zungusha, simama, kushoto, kulia. Kwa mtoto asiyesikia Kiswahili nyumbani, maneno hayo huingia pamoja na mwendo wa mkono, bila kutafsiriwa. Dakika kumi zinatosha. Mkono ukichoka, zoezi lisimame. Siku ambazo hakuna chaki, kuchambua maharagwe na kufinyanga udongo huimarisha vidole vilevile.

Mkono wa kushoto

Bado tunaona watoto wakipigwa ili waache kutumia mkono wa kushoto. Lugha yenyewe imebeba upendeleo huo: mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, na huitwa pia mkono wa kuume. Desturi ya mezani ibaki mezani. Katika kuandika, mtoto wa shoto aachwe atumie mkono wake, akae upande wa kushoto wa dawati ili asigongane na mwenzake, na karatasi yake ielekezwe kidogo upande wa kulia.

Wazazi je?

Mzazi anayelipa karo ana haki ya kuona maendeleo. Basi tumwonyeshe. Kila juma, hifadhi mchoro mmoja wa kila mtoto ukiwa na tarehe. Karatasi ya mfuko wa saruji iliyokung'utwa vizuri inafaa. Mzazi akiona mchorochoro wa Februari kando ya duara la Mei, atafahamu kwamba kazi inafanyika.

Mwanafunzi wetu alikubali kujaribu. Aliweka penseli kando na kuleta vipande vya chaki. Tuliporudi mwishoni mwa mazoezi, mtoto yule alituonyesha bibi yake ubaoni, mwenye kichwa kikubwa na vidole saba kila mkono. Herufi a ilikuwa bado haijamkaa sawasawa, lakini chaki alikuwa ameishika kwa vidole vitatu, na hakuwa akilia.

Ndugu walimu na wanafunzi, haraka haraka haina baraka. Tunapokwenda katika mazoezi ya muhula ujao, tuitazame kwanza mikono ya watoto kabla ya kuyasahihisha madaftari yao.