Goti Jipya Halitembei Peke Yake

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulimwaga moto juu ya mji wa Goma. Moto ule uliharibu sehemu kubwa ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 2000 na Daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn. Lakini ilijengwa tena, nayo leo yaitwa HEAL Africa. Hata sasa njia nyingi za mji ni mawe meusi, na mwenye goti bovu huyajua mawe hayo kuliko sisi sote.

Goti nalo huweza kujengwa upya. Gegedu likichakaa, mfupa husuguana na mfupa, na mguu hupinda. Palipo na vifaa, mganga huondoa nyuso zilizoharibika, huifunika mifupa kwa chuma, na kati yake huweka plastiki ngumu. Hutazama pia mstari wa mguu: tukivuta uzi toka nyonga hata kifundo cha mguu, wapaswa kupita katikati ya goti au karibu nayo.

Je, kazi imekwisha? Sivyo. Chuma kimenyooka, bali misuli ingali na mazoea ya zamani. Aliyekuwa na mguu wa upinde miaka mingi huona kana kwamba mguu ulionyooka umepindia ndani, au umezidi urefu. Asishtuke, mwili wajifunza upya.

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Ndivyo lilivyo goti. Majuma ya kwanza yakipita bure, kovu hukaza, na goti hugoma. Basi, kwa idhini ya mganga, mgonjwa alale chali, akandamize goti kitandani, ahesabu hata tano, kisha alegeze. Halafu avute kisigino polepole kuelekea matakoni. Kupanda ngazi kwahitaji goti lipinde digrii 90 hivi. Kuinuka katika kiti kifupi kwahitaji zaidi.

Twaona kosa moja nyumbani mwetu, nalo latoka katika upendo. Bibi hulazwa na mto chini ya goti, naye hustarehe. Kumbe goti lajifunza kubaki limepinda! Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lipate kunyooka. Wala wajukuu wasimletee kila kitu kitandani. Wampe fimbo, aishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, atembee nao hata mlangoni. Ngazini, mguu mzima utangulie kupanda, mguu mgonjwa utangulie kushuka.

Na Misani je? Wengi huona shida kupiga magoti baada ya upasuaji. Kanisa lenyewe halimlazimishi mgonjwa. Mungu husikia sala ya aliyeketi.

Tena tuwe macho. Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au pumzi ikikatika ghafula, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Hapa Goma, kituo cha Shirika la Umoja kimewafundisha kutembea wengi waliopoteza hata mguu wenyewe. Ikiwa hao walijifunza hatua kwa hatua, mwenye goti jipya asikate tamaa. Mpasuaji hunyosha mguu kwa saa chache. Kuutembeza ni kazi ya mgonjwa na jamaa yake kwa miezi mingi.