Kabla ya Kumwambia Fundi Ajaze Gesi

Kiyoyozi cha ukutani, au klimatizeri, kikianza kupuliza hewa ya uvuguvugu mjini Baraka, hukumu hutolewa upesi: "Mama, gesi imeisha." Mama analipa, fundi anajaza, baridi inarudi kwa wiki chache, kisha maneno huwa yale yale. Lakini gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kukaa miaka kumi bila kuongezewa gesi. Ikipungua, pana tundu. Na mara nyingi haijapungua kamwe: kinachosumbua ni vumbi au umeme.

Baraka ina matatizo yote mawili kwa wingi. Mji uko kando ya Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na unyevu wa ziwa hugeuka matone ndani ya mashine na kuotesha ukungu mweusi. Kiangazi, barabara ya udongo inayotoka Uvira kuelekea Fizi hutimua vumbi linaloingia hadi vyumbani. Umeme nao, kwa sehemu kubwa, hutoka kwenye jenereta na sola. Kwa hiyo klimatizeri ya hotelini, ya ofisi ya shirika, ya duka la dawa au ya sebuleni hufanya kazi katika mazingira magumu kuliko yale yaliyoandikwa kwenye kitabu chake.

Inavyofanya kazi

Mashine hii haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Kompresa iliyo nje huibana gesi hadi ikawa ya moto sana. Feni ya nje huipunguzia joto hilo, nayo ikawa kimiminika. Kimiminika hupita kwenye bomba jembamba, shinikizo hushuka ghafla, kikawa baridi kali, kisha huingia kwenye koili ya ndani na kunyonya joto la chumba. Kwa kuwa joto linahamishwa tu, kilowati 1 ya umeme huweza kutoa kilowati 3 za joto chumbani. Mashine zenye vali ya kugeuza mzunguko huleta joto ndani badala ya kulitoa. Hiyo ingewafaa zaidi watu wa nyanda za juu za Itombwe, ambako usiku ni baridi, kuliko watu wa ufukweni.

Kazi yote hiyo inategemea hewa kupita bila kizuizi kwenye koili mbili, ya ndani na ya nje. Ndiyo maana uchunguzi unaanzia kwenye uchafu.

Anza na chujio

Zima mashine na uchomoe waya. Fungua kifuniko cha mbele, toa machujio, uyaoshe kwa maji na sabuni laini, uyaanike kivulini; jua kali hupinda plastiki. Wakati wa vumbi, fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Kisha angalia kwa tochi feni ndefu iliyo ndani. Ikiwa imevaa ukungu, harufu unayoisikia asubuhi inatoka hapo, na ni kazi ya fundi kuifungua na kuiosha.

Maji yakidondoka ukutani, usiwaze gesi kwanza. Koili hukusanya unyevu wa hewa, na unyevu huo hushuka kwenye sinia hadi kwenye mpira wa kutolea maji. Mpira ukizibwa na utelezi au wadudu, maji hurudi chumbani. Kuuzibua ni kazi ya dakika chache.

Nje, hakikisha sehemu ya nyuma ina nafasi ya kuvuta hewa na mbele hapana kitu kinachoirudisha. Wengi huizungushia chuma kuzuia wezi. Chuma si kosa, ila kisizibe pumzi, wala kisigeuzwe kamba ya kuanikia nguo. Waondoe mijusi na siafu pia: hupenda kulala kwenye bodi ya umeme, na mmoja akikauka kati ya nyaya mbili mashine nzima inaweza kuzimika.

Pima, usikisie

Baada ya dakika 15 za kufanya kazi, pima kwa kipimajoto cha chumba hewa inayoingia juu ya mashine na ile inayotoka. Tofauti ya digrii 8 hadi 12 za Selsiasi ni dalili ya afya. Ikiwa ni ndogo na chujio ni safi, au bomba jembamba linaota barafu, hapo shaka ya gesi kupungua ina msingi. Barafu ikionekana, zima upoozaji, acha feni peke yake hadi iyeyuke yote, halafu ujaribu tena. Ikirudi, mwite fundi.

Umeme nao upimwe. Mashine nyingi zinataka volti 220 hadi 240. Pima kwenye soketi wakati kompresa inaanza, kwa maana volti ya jenereta iliyolemewa hushuka wakati huo. Kompresa ikinguruma tu bila kuwaka, kisha ikakata, inaweza kuwa volti chache au kapasita iliyochoka, ambayo ni nafuu kuliko kompresa. Usiifungue mwenyewe: kapasita hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa.

Kabla ya kuzima jenereta, zima kiyoyozi kwanza kwa rimoti. Umeme ukirudi, subiri dakika 3 hadi 5 ili shinikizo la gesi lisawazike. Na mvua ya radi ikikaribia, chomoa waya bila ubishi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapa hapa Kivu Kusini, ya kwanza Afrika na ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela.

Gesi iwe neno la mwisho

Fundi akisema gesi imepungua, muulize imetokea wapi. Povu la sabuni kwenye maungio ya shaba hutoa jibu, kwa kuwa mapovu hutokea penye tundu. Kujaza bila kuziba ni kupuliza gurudumu lililochomwa na mwiba. Baada ya kuziba, hewa na unyevu vitolewe kwa pampu ya utupu, kisha gesi ipimwe kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine ya nje. R410A iingizwe ikiwa kimiminika, maana ni mchanganyiko. Usikubali gesi nyingine badala ya ile iliyoandikwa: R32 inaweza kuwaka, na R290, ambayo ni propani, huwaka kwa urahisi zaidi.

Kuvuja ni hasara ya dunia pia. Kilo 1 ya R410A hupasha joto dunia takriban sawa na kilo 2,000 za hewa ukaa. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali, Oktoba 2016, zikakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. R22, iliyo kwenye mashine nyingi za zamani, inaondolewa pia chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987: nchi zinazoendelea zimepangiwa kuiacha karibu yote ifikapo 2030. Kila mwaka itakuwa adimu na ghali zaidi, hivyo asiye na tundu ndiye mwenye akiba.

Wauguzi wa chanjo wanajua siri ya friji kudumu: husoma joto asubuhi na jioni, kati ya digrii 2 na 8, na kuliandika. Klimatizeri ya nyumbani haihitaji ukali huo, lakini inahitaji daftari. Andika tarehe ya kuosha chujio, volti, tofauti ya joto, na gramu za gesi kila zinapoingizwa. Fundi akija akakuta namba hizo, hana nafasi ya kubahatisha, na ukiona gramu zimeongezwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mwambie atafute tundu kabla hujatoa hata faranga moja.