Mafuta ya motere: tusome bidoni kabla ya kulipa



Katika chama chetu kuna wamama ambao gari ndiyo shamba lao. Wengine wamenunua Corolla ao Probox kwa pesa ya likirimba, wakamkabidhi shofere aifanyishe taxi. Wengine bwana mwenyewe ndiye shofere. Wengine wanategemea Hiace ya mtoto mkubwa inayoshuka Uvira. Pesa ya shule, pesa ya nyumba na chakula cha jioni vinatoka humo.

Lakini siku ya vidanje sisi tunatoa pesa tu. Fundi anasema mafuta yaletwe, shofere anakwenda kununua, na hatujui ni nini kimeingia ndani ya motere. Motere ikishika, fundi anabaki na garaji yake, shofere anatafuta gari lingine, na watoto wetu ndio wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya shule. Kwa hiyo juma hili tujifunze kusoma bidoni ya mafuta, kama vile tunavyosoma sanduku la dawa kabla ya kumpa mtoto.

Kazi ya mafuta

Ndani ya motere vyuma vinazunguka na kupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Mafuta yanakaa kati ya chuma na chuma ili visikwaruzane. Tena yanapunguza moto, yanaokota masizi na kuzuia kutu. Yakiwa mepesi kupita kiasi, yanashindwa kutenga vyuma. Yakiwa mazito kupita kiasi, asubuhi yanachelewa kufika sehemu za juu za motere, na gari linakula esanse zaidi.

Namba za uzito

Juu ya bidoni tunakuta SAE, kisha namba kama 5W-30, 15W-40 ao 20W-50. SAE ni chama cha mainjinia cha Marekani kilichopanga vipimo hivi. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaonyesha namna mafuta yanavyotembea motere ikiwa baridi: ikiwa ndogo, yanafika upesi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake motere ikiwa na moto, kwenye digrii 100.

Tumesikia mara nyingi kwamba mafuta mazito ndiyo yenye nguvu. Si kweli. Hizi si pointi za mtihani, kwamba mwenye 50 amemshinda mwenye 30. Mafuta mazuri ni yale ambayo motere yenyewe inaomba.

Inayaombea wapi? Ndani ya kitabu cha gari. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kitabu, kama kipo, ni cha Kijapani. Lakini namba za SAE zinaandikwa vilevile kila mahali. Mara nyingine zimeandikwa pia kwenye kifuniko cha kumwagia mafuta. Toyota nyingi za esanse za miaka ya 2000 zinaomba 5W-30 ao 10W-30, na vitabu vya nchi za joto vinakubali mara nyingi 15W-40. Hiace za zamani za mazutu zinazoea 15W-40. Lakini kama kifuniko kinasema 0W-20, tusikubali fundi amwage 20W-50: njia za mafuta ndani ya motere hiyo ni nyembamba.

Na motere iliyozeeka, inayotoa moshi wa bluu na kumaliza mafuta? Hapo 20W-50 inaweza kupunguza hasara kwa muda. Ni sawa na kumfunika mgonjwa blanketi: haitetemeki sana, lakini haijapona. Tuanze kuweka akiba ya kuitengeneza.

Herufi za ubora

Kando ya namba kuna herufi za API. Hapo ndipo wengi wanadanganywa. Herufi ya kwanza ikiwa S, mafuta ni ya motere ya esanse. Ikiwa C, ni ya mazutu. Herufi inayofuata inaonyesha kizazi: kadiri inavyoendelea mbele katika alfabeti, mafuta ni ya kizazi kipya zaidi.

Mfano: SF ni ya motere za esanse zilizotengenezwa hadi 1988. Mtu akiuza bidoni ya SF kwa bei nzuri, na Corolla yetu ni ya 2002, bei hiyo si nzuri. Tutafute SL, SM, SN ao SP. Kwa mazutu, CD ni ya motere za hadi 1994. Afadhali CF-4, CH-4 ao CI-4. Tukikuta SL/CF, ile ya mbele ndiyo kazi yake kubwa: esanse.

Bidoni ya kweli

Mafuta ya kupimwa kwa kikombe kutoka pipa hayana namba wala herufi tunayoweza kuhakikisha. Tununue bidoni iliyofungwa. Tuangalie pete ya kifuniko kama haijakatika, karatasi kama haikubandikwa upande, na kama namba ya fungu imepigwa kwenye bidoni. Tukifungua tukasikia harufu ya kuungua, turudishe.

Kiasi na siku

Motere 1NZ-FE ya Toyota, inayokaa ndani ya Probox nyingi, inaomba lita 3,7 pamoja na filtiri mpya. Bidoni ya lita 4 inatosha, na kinachobaki kirudi nyumbani kwa kuongeza baadaye. Fundi akidai lita 5, tumwulize nyingine inakwenda wapi. Kujaza kupita alama ya juu ya joji kunaharibu pia, sababu mafuta yanatoa povu.

Bukavu yetu ni milima, vumbi la kiangazi, foleni na safari fupi. Vitabu vingi vinaita hiyo kazi ngumu, na vinakata nusu ya muda wa vidanje: kama ni km 10.000, inakuwa 5.000. Tupige hesabu. Taxi inayotembea km 100 kwa siku, siku sita kwa juma, inafanya km 600. Baada ya majuma nane, zile 5.000 zimekaribia. Mama mwenye gari awe na kaye: tarehe, kilometraji, jina la mafuta, filtiri.

Joji ipimwe asubuhi mbele ya kuwasha, gari likiwa mahali palipo sawa. Mafuta kuwa meusi si ajabu, zaidi kwa mazutu. Yakiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yameingia; gari lisiende kazini. Na taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, shofere azime motere palepale, hata kama abiria wanalalamika.

Nyumbani

Bidoni tupu ya mafuta ya motere isitiwe maji ya kunywa wala mawese, hata ikioshwa mara kumi. Tuitoboe, ili wadanganyifu wasiijaze tena. Mafuta yaliyotumika yana sumu: watoto wasiyachezee, na yasimwagwe kwenye mfereji, maana mifereji yetu inashuka Kivu, na samaki wa Kivu tunawala sisi wenyewe.

Wamama, hakuna anayetuomba tuingie chini ya gari. Tunachoombwa ni kutuma mtu dukani na karatasi yenye mambo matatu: SAE, API, na hesabu ya lita. Na fundi akituambia kwamba hayo si mambo ya wamama, tumjibu kwa adabu kwamba motere ni ya wamama.