Gofu: sheria ni moja, lakini lango je?

Je, msomaji, umewahi kusafiri kwa basi kutoka Nakuru kwenda Kisumu? Kama umewahi, basi wakumbuka jinsi hewa inavyobadilika mnapoikaribia Kericho. Majani-chai hujaa pande zote mbili za barabara, yamekatwa sawasawa kama zulia. Katikati ya kijani hicho kuna kiwanja cha gofu cha mashimo tisa. Anayetaka raundi kamili ya mashimo 18 hukizunguka mara mbili.

Mwishoni mwa wiki, hapo langoni utawakuta vijana wakingoja kuitwa. Hawa ndio makedi, wabebaji wa mifuko ya fimbo. Wanajua kila mteremko wa nyasi na upepo wa kila saa. Katika viwanja vingi vya Kenya makedi huruhusiwa kucheza siku moja kwa wiki, mara nyingi Jumatatu, na wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianzia hapo.

Hebu tutazame kwanza jinsi mchezo huu unavyojaribu kuwa wa haki. Tuseme meneja mmoja mwenye handikapu ya 20 acheze na kedi mwenye handikapu ya 4. Meneja apiga mapigo 88, kedi 74. Ukimwondolea kila mmoja handikapu yake, meneja abaki na 68 na kedi 70. Meneja ameshinda! Mnyonge amesaidiwa ili ushindani uwe na maana. Ni michezo michache iliyo na huruma ya namna hiyo.

Lakini huruma hiyo huishia kwa wachezaji wa ridhaa. Ukigeuka kuwa mchezaji wa kulipwa, hakuna handikapu. Kila mmoja hubeba fimbo zisizozidi 14, huhesabu mapigo yake na kutia sahihi kadi yake. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters huko Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alitia sahihi kadi ambayo mwenzake alikuwa amemwandikia pigo moja zaidi. Sheria ilisema pigo hilo libaki. Kwa hiyo akakosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, aliyetwaa taji. Watu walimhurumia, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba sheria ilimpendelea mtu.

Basi ikiwa sheria za uwanjani ni kali na ni moja kwa wote, ugomvi mkubwa ulioutikisa mchezo huu ulitoka wapi? Ulitoka kwenye pesa, na kwenye swali la nani aruhusiwe kuingia.

Mwaka 2022 hazina ya taifa ya Saudi Arabia iligharamia ligi mpya iitwayo LIV. Wachezaji walikuwa 48, raundi tatu badala ya nne, na hakuna mchujo. Katika mashindano ya kawaida, anayechujwa baada ya raundi mbili hurudi nyumbani mikono mitupu. Kule LIV, hata aliyeshika mkia alilipwa dola 120,000, na mshindi dola milioni 4. Chama cha PGA Tour cha Marekani kiliwasimamisha wachezaji waliohama. Kile cha Ulaya, DP World Tour, kiliwatoza faini, na Aprili 2023 jopo la wasuluhishi likakiunga mkono. Miezi miwili baadaye, Juni 6, mahasimu hao walitangaza mpango wa kushirikiana! Waliokuwa wamekataa mamilioni kwa ajili ya uaminifu walibaki vinywa wazi.

Oktoba mwaka huo huo, bodi ya orodha ya ubora wa wachezaji duniani iliikataa LIV. Sababu yake ilikuwa nzito: mlango wa ligi hiyo ulikuwa umefungwa mno kwa wageni. Orodha ya ubora haina maana ikiwa mchezaji mzuri asiyejulikana hawezi kuingia na kuwashinda wakubwa.

Msomaji, lishike swali hilo, kisha uliulize nyumbani. Mashindano yetu ya Kenya Open yalianza mwaka 1967. Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986. Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alifika hadi mchezo wa kuamua mshindi huko Muthaiga, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Tangu mwaka 2019 mashindano hayo yamekuwa sehemu ya msururu mkuu wa Ulaya. Mwaka 2024 zawadi zake zote zilifika dola milioni 2.5, fedha ambazo ni chache kuliko alizopata mshindi mmoja tu wa LIV.

Wakenya hutengewa nafasi katika mashindano hayo, na hilo ni jema. Lakini ni nafasi ya wiki moja. Wiki ikiisha, msururu huondoka. Anayetaka kuufuata kwa kawaida hupitia mchujo wa Ulaya, ambao fainali yake imekuwa ikichezwa Hispania. Hapo pana ada, viza, nauli na hoteli. Kedi wa Kericho atazitoa wapi?

Mkulima wa Bomet anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Huchuma majani mawili na kichipukizi, akapeleka kikapu kituoni, na mizani humsomea kilo kama inavyomsomea jirani yake tajiri. Hana ugomvi na mizani. Ugomvi wake ni bei, ambayo hutokana na mnada wa Mombasa, mahali asipo na kiti.

Ndivyo ilivyo gofu. Mizani yake ni ya haki, lakini mizani haimsaidii ambaye kikapu chake hakijaruhusiwa kufika. Kwa hiyo, wakubwa wanapozozana kuhusu haki, usiwaulize nani analipa zaidi. Waulize: je, kijana asiyejulikana anaweza kuingia kwa kucheza vizuri tu?

Na vilabu vyetu pia vijibu. Siku ya pili ya mazoezi kwa makedi, fimbo kuukuu zinazooza stoo, nauli ya kufika kwenye mchujo Nairobi: hayo hayahitaji mamilioni ya Saudi Arabia. Yahitaji mtu wa kufungua lango.