Samaki Avuliwaye Akaachiwa: Safari ya Kumfuata Mahasiri wa Himalaya

Barazani petu hapa Mombasa, baada ya sala ya alasiri, hukaa wazee ambao umri wao wote wameula baharini. Juzi aliingia kijana mmoja, mkwe wa jirani yetu, akaamkia, akaketi, akatwambia kwamba mwezi wa Oktoba, inshallah, anakwenda Bara Hindi kuvua samaki. Hilo halikumshangaza mtu. Watu wa pwani wamekwenda Bara Hindi kwa mambo mengi tangu enzi za majahazi, na kuvua si kazi ya aibu.

Kisha akaeleza kwamba aendako si baharini, ni mtoni, kule milima ya Himalaya. Kwamba havui kwa chambo bali kwa inzi wa kubuni aliyefungwa kwa manyoya. Na kwamba kila samaki atakayemvua atamrudisha majini akiwa hai. Hapo baraza ikachafuka.

"Samaki ameumbwa achezewe?" akauliza mzee mmoja, mvuvi wa kolekole tangu ujana wake. Mwengine akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Nauli yote hiyo, mwanangu, kwenda kumsalimu samaki na kumuaga!"

Mimi sikucheka. Samaki yule namjua kwa sifa tangu siku nilipokuwa na kazi Nyeri, nikapita makaburini, nikasimama mbele ya kaburi la Jim Corbett. Wasomaji wengi wamemsikia mtu huyu kwa habari za chui milia waliokuwa wakila watu. Alizaliwa Nainital, katika nchi ya Kumaon iliyo chini ya Himalaya, mwaka 1875. Bara Hindi ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie walihamia Nyeri, na huko akafa tarehe 19 Aprili 1955. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1944, kile cha chui wala watu wa Kumaon, kina sura moja ambayo shujaa wake si chui bali ni samaki. Samaki huyo ni mahasiri.

Jina lenyewe lina mjadala. Wako wasemao limetokana na Kihindi, maana yake "kichwa kikubwa". Wengine wasema ni Kifarsi: mahi ni samaki, na sher ni simba. Mimi naipenda hiyo ya pili, ijapokuwa mapenzi si ushahidi. Waliomwona wasema rangi yake ni ya dhahabu ubavuni, magamba yake mapana, midomo yake minene. Kinywani hana meno. Meno yake yako kooni, na huko ndiko asagiako. Hula wadudu, matunda yaangukayo mtoni, na samaki wadogo. Hufika kilo 20 na kuzidi, na nguvu zake ni za kiumbe aliyezaliwa kupigana na maji yashukayo mlimani.

Basi kijana akaniomba nimsaidie kuipanga safari, kwa kuwa nina vitabu. Nikaona niyaandike hapa, huenda yakamfaa na mwengine.

La kwanza ni majira. Sisi wa pwani huhesabu mwezi: twajua bamvua na maji mafu, na mvuvi hatoki nje ya hesabu hiyo. Huko Himalaya hesabu ni ya theluji na mvua. Na ajabu ni kwamba mvua hiyo ina nasaba na sisi. Upepo wetu wa kusi, ule uliokuwa ukisukuma majahazi kwenda Bara Hindi, ndio uvukao bahari umebeba maji na kwenda kuyamwaga kule, tangu mwisho wa Juni hata Septemba. Miezi hiyo mito hufura, huwa rangi ya udongo, na hakuna avuaye. Lakini hiyo ndiyo harusi ya mahasiri: hupanda mito mikubwa mpaka vijito vidogo, hutaga mayai katika changarawe, na maji yakianza kupungua hushuka tena. Ndiyo maana Oktoba na Novemba ni miezi mizuri. Samaki washuka na maji yamesafika. Msimu wa pili ni Machi hadi Mei, kabla ya mvua. Hapo lakini yataka kuangalia mto wenyewe chanzo chake ni nini. Mto utokao kwenye barafu, jua likipata nguvu, hujaa maji ya theluji, meupe kama tui la nazi, na samaki hamwoni inzi. Mto wa chemchemi na mvua, kama vile Ramganga, hubaki safi.

Kwa Muislamu kuna hesabu ya tatu. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani yaangukia Februari na Machi. Mwenye kutaka msimu wa kwanza wa mwaka na ale Idi kwao kwanza.

La pili ni mahali. Kijana amechagua Pancheshwar, nami nimeafiki. Hapo mto Saryu waingia katika Mahakali, ambao ni mpaka wa Bara Hindi na Nepal. Ukisimama ukingoni, ng'ambo ile ni nchi nyengine. Saryu waja na maji safi, Mahakali waja na maji baridi ya theluji, na hapo yakutanapo mahasiri husimama kungoja rizki yake. Njia ni hii: ndege mpaka Delhi, gari la moshi mpaka Tanakpur, chini ya milima, kisha barabara ya kuzungukazunguka kupanda Champawat na Lohaghat, halafu kiasi cha kilometa 40 za kuteremka bondeni. Champawat ndiko Corbett alikomuua chui jike mla watu mwaka 1907. Mwenye kichwa chepesi cha gari na achukue ndimu.

Asiyetaka kabisa habari ya kumwachia samaki anayo Kashmir. Huko wako samaki aina ya trauti, waliopelekwa na Waingereza. Mayai ya kwanza, mwaka 1899, yaliharibika. Ya mwaka uliofuata yakafika salama, na mito ya huko ikajaa. (Ndugu zake walipandwa katika mito yetu ya Aberdare mwaka 1905, na hata leo wapo.) Kashmir mvuvi hukata kibali cha serikali na huruhusiwa kuchukua idadi maalumu kwenda kupika, na ahali ya huko ni Waislamu, kwa hivyo nyama haina suala. Lakini mwezi wa Aprili 2025 watu 26 waliuawa karibu na Pahalgam, bonde la mto Lidder, mto mashuhuri kwa uvuvi huo. Mwenye kwenda na aulize hali kwanza, tena aulize zaidi ya mtu mmoja.

Sasa vyombo. Wazee wetu hawakuelewa vipi inzi wa manyoya, asiye na uzito, atupwe mita 20. Nilieleza hivi: kwetu chubwi ndiyo iubebayo mshipi. Huko mshipi wenyewe ni mnene na mzito. Huchapwa nyuma na mbele hewani kwa ufito mrefu, nao ndio umbebao inzi. Nyuma ya mshipi huo mnene hufungwa uzi mwembamba wa mita 150 au zaidi, kwani mahasiri akishika hukimbia na mto mbio moja isiyosikia maneno, na asiye na uzi hubaki na ufito. Inzi wa mahasiri si inzi kweli. Aghalabu ni mfano wa samaki mdogo, na mshipi wake ni ule uzamao.

Nikamwonya kijana kwamba siku saba za kambini si siku saba za samaki. Wengi hurudi na mmoja, na wako warudio bure. Kwa hivyo kiongozi ndiye nusu ya safari. Kiongozi mzaliwa wa bonde ajua jiwe gani samaki hulala nyuma yake asubuhi na lipi jioni, ajua mto utapanda lini kwa kutazama mawingu ya juu, na ajua wapi mgeni asitie mguu. Kabla ya kulipa, mwenye safari aulize: kibali cha kuvua kipo, na kimetolewa na nani? Bonde hili laruhusiwa? Ndani ya hifadhi ya Corbett, mathalan, uvuvi umekatazwa. Viongozi ni watu wa hapo, ama wameletwa na gari kutoka mjini? Katika mabonde ya Kumaon wako viongozi ambao zamani wakiwavua samaki hawa kwa baruti.

Mambo madogo nitayapitisha haraka. Atokaye Kenya kuingia Bara Hindi lazima awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Chakula cha kambini ni wali, dengu, mboga na chapati. Nyama, uliza imechinjwa na nani, au iache. Kibla ni magharibi. Usiku kuna baridi, mchana bonde ni moto. Viatu viwe vya kushika mawe ya utelezi.

Sasa nirudi kwenye suala la mzee, kwani hilo ndilo lililobaki kifuani mwangu baada ya baraza kuondoka.

Suala lake si la mjinga. Mtume (S.A.W.) amekataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na wanavyuoni wengi wamechukia uwindaji ambao kusudi lake ni mchezo mtupu. Mimi si wa kutoa fatwa, na kijana nilimwambia amwendee aliye na elimu. Lakini nilimweleza mzee niyajuayo. Mahasiri wa dhahabu amehesabiwa ulimwenguni miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Wauaji wake si watu wa ufito. Ni baruti, ambayo mzee mwenyewe ajua iufanyavyo mwamba wa bahari; ni dawa ya kung'arishia nguo, imwagwayo kijitoni ikaua mayai, watoto na wazazi kwa pamoja; ni umeme; ni nyavu za macho madogo zitegwazo mahali anapopita kwenda kutaga. Mahali ambapo samaki aliye hai humpa mwanakijiji kazi ya kuongoza, kupika na kubeba mizigo, huyo mwanakijiji humfukuza mwenye baruti kabla polisi hajaamka. Wahindi nao wana vidimbwi kando ya mahekalu yao, kama vile Machhial katika Himachal, ambapo mahasiri hulishwa kwa mkono na haguswi. Wao wamemlinda kwa itikadi yao. Je, asiye na itikadi hiyo amlinde kwa nini?

Mzee akanijibu: "Kwa kutomvua." Nami nakiri kwamba jibu hilo sikuweza kulivunja. Nilichoweza kusema ni kwamba asipokuja mvuvi, kiongozi hana mshahara, na baruti ni rahisi.

Kuachia nako kuna adabu yake, na asiyeijua huua huku akidhani amerehemu. Samaki asitolewe majini. Mikono ilowe kwanza, ili isimvue utando wake. Asipiganishwe mpaka akachoka kabisa, hasa maji yakiwa na joto. Kisha ashikwe kwa upole kichwa kikielekea mkondo, mpaka yeye mwenyewe ajivute mkononi. Na ndoana iwe haina kile kijino kizuiacho isichomoke.

Liko jambo jengine kubwa kuliko ndoana. Mwaka 1996 Bara Hindi na Nepal zilitia sahihi mkataba wa mto Mahakali, na ndani yake mna mpango wa kujenga bwawa hapo hapo Pancheshwar, ukuta wa kiasi cha mita 315 kwenda juu. Mpaka leo haujajengwa. Ukijengwa, yale makutano ya mito, vijiji vya kando na mashamba yake vitakuwa chini ya maji, na mahasiri hatakuwa na njia ya kupanda kwenda kutaga. Si ndoto: mji mkongwe wa Tehri, katika Himalaya hiyo hiyo, umekwisha kuzama kwa ajili ya bwawa lililoanza kazi mwaka 2006. Umeme nao wahitajiwa, na hakuna mtu wa Mombasa mwenye haki ya kumwambia mwana Kumaon akae gizani. Ila nilimwambia kijana asiahirishe mwaka hata mwaka.

Jana alikuja tena barazani na kisanduku chake cha inzi. Wazee wakakipokeza mkono kwa mkono. Yule mvuvi wa kolekole akamtoa inzi mmoja, mweusi na mweupe, akamgeuza kwenye mwanga, akapapasa ncha ya ndoana kwa kidole gumba. Akaagiza aletewe koleo. Akakiminya kile kijino mpaka kikalala, akajaribu ndoana katika kofia yake, ikaingia na kutoka bila kushika. Akamchukua wa pili, kisha wa tatu. Adhana ya magharibi ilimkuta amebakisha wanne.

"Huyo samaki," akauliza huku akiinuka kwenda kutawadha, "akiachwa, huondoka mbio au pole pole?"

Kijana akasema hajui bado.